Sabuni Kabla Mealea Hajajifungua

2 Juni

Naandika nyuma ya daftari la kliniki la Mealea, kwenye kurasa ambazo nesi angejaza uzito na presha. Nesi hayupo. Kliniki haipo. Hata barabara ya kwenda kliniki haipo. Tumerudi nyuma miaka mingapi sijui, miaka ya wafalme, na mimi niliishia darasa la nne.

Leo ni siku ya sita tangu tupite chini ya lile lango la mawe na bajaji, mvua inanyesha, tukatokea upande wa pili bila bajaji na bila dereva, na lango lenyewe jipya, mafundi wako juu bado wanachonga. Tumelipita tena mara nne. Ni lango tu. Mealea alilia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Tulikuwa tunakwenda kuchoma sindano ya pepopunda. Hiyo ndiyo inaninyima raha kuliko yote. Angechomwa tu, ningetulia. Ila hakuchomwa.

Tumbo lina miezi mitano na nusu. Naandika ili nisipoteze tarehe.

3 Juni

Aliyetupokea ni Kanso, mfinyanzi, mjane, makamo yangu. Lugha yao naielewa nusu, kama kuongea na bibi aliyeng'oka meno. Hakuuliza sana. Aliona tumbo la Mealea akasogeza vyungu, akatandika mkeka.

5 Juni

Mvua.

9 Juni

Kanso ananiuliza kwetu kuna nini. Nikamwambia kuna barafu.

"Barafu ndiyo nini?"

"Maji, lakini unaweza kuyashika."

Akafikiri. "Na mkishayashika?"

"Tunayatia kwenye maji."

Alicheka mpaka akaacha gurudumu lake likazunguka peke yake. Sasa wanawake wote wa hapa wakikutana nami kisimani wananiuliza kama leo nimeyashika maji.

Nimekaa nikawaza kila kitu nilichotumia maishani. Nimebonyeza swichi miaka thelathini na ukiniuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini, sijui. Simu nimelala nayo kama mtoto, sijui ndani kuna nini. Kiberiti, panadoli, betri, pempasi, sijui. Nilichokuwa najua ni kununua.

11 Juni

Mkunga wa hapa amekuja bila kuitwa. Bibi Kandeng. Anatia rangi nguo pia, ndiyo kazi yake siku ambazo hakuna anayezaa. Akampapasa Mealea, akasema mtoto kakaa vizuri, ni wa kike. Mealea akacheka, akampenda.

Mimi sikuuona uso wake. Niliona kucha. Ndefu, nyeusi, udongo na rangi vimegandamana.

Lazima niandike hili hata kama mkono hautaki. Kabla ya Mealea nilizaa mtoto wa kiume. Mkunga wa kijijini kwetu alikata kitovu kwa kibanzi cha mwanzi, akapaka majivu. Siku ya sita mtoto akakataa ziwa. Siku ya saba mdomo ukakaza, nikitia kidole haufunguki. Siku ya nane tukamzika. Baadaye nesi aliniambia kwa upole, kama vile ananiambia bei ya nyanya: mama, ni uchafu tu. Mikono inawe kwa sabuni, cha kukatia kichemshwe, na kitovu kisipakwe kitu.

Sindano hakuna. Lakini sabuni imetengenezwa na watu. Na mimi ni mtu. Nina mpaka mwisho wa Septemba.

14 Juni

Majivu ya pumba za mpunga, maji ya mvua, mafuta ya nguruwe. Nimechemsha tangu asubuhi. Nimepata supu chafu.

17 Juni

Supu chafu.

18 Juni

Majivu yamelowa, paa linavuja. Sikuchemsha.

22 Juni

Mafuta yamekwisha na hakuna anayetaka kunipa zaidi ili niyaharibu. Basi nimefanya kazi yangu ya sokoni, ya kuuza tambi za mchele. Nimetoboa kifuu cha nazi matundu mengi madogo, nikasaga mchele uliolowekwa, nikakamulia tambi kwenye maji yanayochemka. Nikamwagia mchuzi wa samaki na binzari.

Jamani. Walikuja hadi wa kijiji cha pili. Mkuu wa kijiji mwenyewe alikula bakuli tatu akiwa amechuchumaa kama mtoto. Sasa nikitaka mafuta napewa, nikitaka kuni napewa, lakini tambi kwanza. Katika vitu vyote vya dunia yetu hawa watu wamechagua tambi.

Mealea anasema, "Mama, si ufurahi? Umekuwa maarufu."

Nikamwambia umaarufu haukati kitovu.

29 Juni

Majivu ya nyasi. Imekuwa kamasi, halafu ikawa tena mafuta juu, maji chini. Mgongo.

6 Julai

Thleng, mdogo wake Kanso, amejifungua mvulana leo mchana. Niliomba kuingia. Bibi Kandeng alikubali nikae mlangoni. Alitoka kutia rangi nguo moja kwa moja, akafuta mikono kwenye doti yake. Akakata kwa kibanzi cha mwanzi. Akasaga kiota cha nyigu, vile vijumba vya udongo wanavyojenga kwenye nguzo, akatia unga wake juu ya kitovu.

Nilisema. Nilisema kwa sauti. "Bibi, nawa mikono. Usimwekee udongo."

Akaniangalia. "Udongo wa nyigu unafunga. Umeona nyumba ya nyigu ikivuja?"

Wanawake wakacheka. Kanso alinishika mkono akanitoa nje. Hakuwa na hasira, alinitoa kama unavyomtoa mgeni asiyejua kwamba hapo hapakaliwi.

9 Julai

Mtoto wa Thleng ananyonya.

10 Julai

Ananyonya. Labda mimi ni mwoga tu.

12 Julai

Leo hakushika ziwa. Thleng anasema amevimbiwa.

14 Julai

Amefariki leo adhuhuri, mvua ikipiga kwenye vyungu vibichi vya Kanso vilivyokuwa nje, hakuna aliyekumbuka kuviingiza, vyote vimelowa vikavunjika. Nilikuwa nimemshika mtoto kwa muda ili Thleng anywe maji. Alikuwa mgumu kama kipande cha ubao, mgongo umepinda, na uso wake ulikuwa kama anatabasamu. Wanasema mama yake wa zamani, aliyemzaa katika maisha yaliyopita, amemchekesha ili amrudishe. Wanaamini hivyo, na mimi bibi yangu aliamini hivyo pia, na sikuwa na moyo wa kumwambia Thleng kwamba si mama wa zamani.

Kanso amekaa na mdogo wake. Jioni, wakati tunaokota vigae, alisema bila kuniangalia, "Ulisema mikono. Ulisema udongo."

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

Nikamwambia habari ya mwanangu wa kwanza. Mealea alikuwepo, na hakuwahi kuisikia. Nilimficha miaka ishirini na miwili nikamwambia leo, mbele ya vigae, huku ameshika tumbo lake. Sijui kama nilifanya vizuri. Usiku huu hajagusa chakula.

15 Julai

Hasira yangu kwa yule mkunga ni kubwa kuliko mwili wangu.

19 Julai

Bibi Kandeng amekuja. Nilikuwa nachemsha majivu ya nyasi mara ya sita au ya saba. Alisimama pale kwenye matone ya paa, nguo zimelowa, hakuomba kuingia.

"Kanso ameniambia unachotafuta," akasema. "Kitu cha kutoa uchafu mkononi."

Nikaendelea kukoroga.

"Unatumia majivu gani?"

"Ya nyasi."

"Na kabla?"

"Ya pumba."

"Utachemsha mpaka meno yaondoke. Mimi natoa gundi kwenye hariri mwaka wa arobaini sasa. Hariri ikitoka kwa mdudu ina gundi. Pumba haitoi gundi. Nyasi haitoi. Ni maganda ya sufi. Yachome, maji yake ukiyalamba yanakung'ata ulimi."

Niliuliza litapatikana wapi ganda la sufi wakati huu wa mvua, sufi hukauka kiangazi.

"Ninayo chini ya nyumba. Kikapu kimoja na nusu." Akafuta uso. "Wewe unafikiri mimi siwahesabu? Tangu nianze, kumi na tisa wamekwenda na ule mcheko. Najua kila mmoja kondo lake limezikwa wapi."

Akaondoka. Sikumkaribisha hata maji. Nimeona aibu mpaka sasa.

24 Julai

Maganda ya sufi. Nililamba. Yanang'ata kweli.

31 Julai

Imeshika! Si kipande kigumu kama cha dukani. Ni laini, ya kahawia, kama uji uliolala, na inanuka nguruwe. Lakini nilinawa na mafuta yakaondoka, mikono ikakwaruza kwa usafi. Mealea aliinusa akasema, "Hii ni sabuni ya mzee wa gereji." Halafu akanawa uso, akalia kidogo, akanawa tena.

Nimetia mchaichai kupunguza harufu. Nimepata vibakuli vitano tu, na ganda la sufi limekwisha hadi kiangazi.

2 Agosti

Nimempelekea Bibi Kandeng kibakuli kimoja kimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipandisha mpaka kwenye paji la uso. Nikamwonyesha jinsi ya kunawa, akaitikia kila neno. Nimerudi nyumbani nikalala kama jiwe, mara ya kwanza tangu tuje.

11 Agosti

Mealea miguu imevimba. Kichwa hakimuumi. Nauliza kila saa kama kichwa kinauma, amenifokea.

16 Agosti

Leo kumetokea kioja na sijui nicheke au nifanye nini.

Ile sabuni, Bibi hakuitumia hata tone. Kitu kilichopatikana kwa shida namna ile, hapa hakianzi kutumiwa na mtu. Anapewa kwanza mwenye kijiji, yule mzimu wa kibanda cha njia panda. Basi yeye aliiweka pale miguuni pa jiwe lake lililochongwa sura ya mtu, na watu wa heshima nao wakaongeza: Kanso alitoa kibakuli changu cha pili, nilichomwekea cha kunawia akitoka kwenye udongo, na mkuu wa kijiji akatoa cha tatu, ambacho Kanso alimpa bila kuniambia. Vitatu kati ya vitano. Mvua ya jana ikapiga, upepo, maji kwenye kibanda, na asubuhi mzimu umejaa povu mpaka magotini, povu linateremka ngazi, linaelekea kisimani.

Kijiji kizima kilikuwa kimepiga magoti. Mkuu wa kijiji anatetemeka, "Mgeni, umempa sumu!"

"Si sumu, baba, ni sabuni."

"Anatoka povu kama mbwa mgonjwa!"

Nilikuwa siwazi mzimu. Nilikuwa nawaza vibakuli vitatu. Wiki saba za mgongo wangu zinateremka ngazi. Nilikaa kwenye matope nikalia kwa sauti, na hiyo ikawatisha zaidi.

Ni Bibi Kandeng aliyesogea. Akatia mikono yake yote miwili kwenye povu. Akasugua. Akaiinua, na kila mtu akaona: zile kucha nyeusi za miaka yote, maji yanatiririka ya buluu na kahawia, na chini yake vidole vya mtu wa kawaida, vyekundu kidogo, vya mwanamke mzee.

"Mzimu amenawa," akasema. "Sisi ni nani tusinawe?"

Amepitisha hapo hapo. Mkono usionawa kwa povu hautaingia nyumba ya mwanamke anayezaa. Mimi ningesema miaka kumi wangenicheka.

17 Agosti

Nimekwangua ngazi za kibanda. Nimepata nusu kibakuli, ina mchanga.

29 Agosti

Mikono Bibi atanawa. Mwanzi atachemsha, amekubali, ingawa anasema mwanzi mbichi ukiubandua ndani hakuna mkono uliowahi kuugusa, na hilo nikilifikiria ni kweli. Lakini udongo wa nyigu hauachi.

"Kitovu ni mlango," anasema. "Ulishaona mtu anajenga nyumba halafu anaacha mlango wazi wakati wa mafuriko?"

"Bibi, ndani ya udongo ndimo ulimo ugonjwa."

"Uko wapi? Nionyeshe."

Siwezi kumwonyesha. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona. Nesi aliniambia tu, na mimi nikamwamini kwa sababu alivaa nyeupe. Na huyu mama amezalisha watu mia tatu, ananiuliza nimwonyeshe, na ana haki.

"Basi mzalishe mwenyewe," akasema, akajifunga nguo yake. Siwezi. Mealea ana nyonga nyembamba, ni mimba ya kwanza. Ikikwama mimi nitajua nini?

30 Agosti

Mvua.

4 Septemba

Juzi Kanso alikuwa anapanga vyungu kwenye tanuri, mimi namshikia. Kajibu kitu ambacho sikumuuliza.

"Dada, huo ugonjwa unaosema. Unakufa kwa moto?"

Nikasema kila kitu kinakufa kwa moto.

"Basi ninyi wawili mnagombania nini? Yeye anataka udongo, wewe unataka usiwe na ugonjwa. Nipeni huo udongo niuchome."

Nilibaki nimeshika chungu. Miezi mitatu nakaa kwenye nyumba ya mfinyanzi.

Tumemwita Bibi. Amekuja na kiota cha nyigu kwenye jani, kimekunja uso kama yeye. Kanso akakitia ndani ya chungu kidogo chenye kifuniko, akakiweka katikati kabisa ya tanuri, mahali panapokuwa pekundu kama jua. Leo tumefungua: kigumu, chekundu, kinalia kama kigae. Bibi alikigonga na ukucha, akakisikiliza.

"Kinafunga zaidi," akasema. Kama vile ni yeye aliyewaza.

Thleng alikuwa amekaa pembeni. Alichukua jiwe la kusagia akaenda kulichemsha.

12 Septemba

Kwa hesabu yangu kwetu wameanza siku za kulisha wafu. Nimeamka alfajiri nikafinyanga matonge ya wali na ufuta ya kuwatupia wafu kama kila mwaka. Nikafika uani nikasimama nayo. Nimtupie nani? Mama yangu hajazaliwa. Bibi yangu hajazaliwa. Mwanangu hajazaliwa, sasa hajafa.

Nikawapa Kanso na Thleng. Tukala.

20 Septemba

Uchungu ulianza alfajiri na mvua. Bibi alikuja amejitwika kapu, akanawa mlangoni mpaka viwiko bila kuambiwa, akahesabu kwa sauti, akanifokea mimi: "Na wewe! Unaingia na mkono wa mchuzi?" Nikanawa.

Mtoto alikwama mabegani. Hapo sikujua kitu, wala sabuni wala nesi, nilishika kichwa cha Mealea tu. Aliniita mama, mama, kama alipokuwa na miaka mitatu. Bibi akamgeuza apige magoti na kuegemea mikono, akasukuma nyonga zake kwa goti lake, akamwimbia matusi ambayo siwezi kuandika, na Mealea akacheka katikati ya kulia, na mtoto akatoka.

Wa kike. Saa sita mchana kwa kukisia.

Mwanzi uliochemshwa. Mikono safi. Unga mwekundu. Halafu Bibi akamkanda Mealea kwa wali wa moto wenye chumvi kule chini kama wanavyofanya hapa, na Mealea akapiga kelele kuliko alivyopiga kuzaa.

Thleng ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mtoto.

21 Septemba

Siku ya kwanza. Hapa mama huenda kuoga bwawani siku hii. Nimegoma. Bibi amenuna, akamwogesha kwa maji yaliyochemshwa.

23 Septemba

Ya tatu. Ananyonya.

24 Septemba

Ananyonya. Silali vizuri.

25 Septemba

Ya tano. Kitovu kimekauka. Bibi anakuja asubuhi na jioni, anajifanya anapita.

26 Septemba

Ya sita. Leo asubuhi aliliacha ziwa. Mealea akaniita kwa sauti ile. Nilikimbia nikapiga dafu kwa mguu. Alikuwa ameshiba.

Nilikaa pale pale sakafuni.

27 Septemba

Saba.

28 Septemba

Leo ni siku ya nane na sikuandika asubuhi kwa sababu niliogopa kuandika.

Mtoto alilala muda mrefu. Wote tulikuwa pale, hakuna aliyesema kwa nini yupo. Kanso alileta udongo akafinyanga humo humo ndani. Thleng anakunja vitambaa vilivyokunjwa. Bibi Kandeng amekaa kwenye ngazi ametupa mgongo, kwamba yeye anapumzika tu.

Kisha mtoto akaamka, na hakuguna. Akakunja uso. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hivi.

Akalia. Alilia kwa mdomo wazi, wazi kabisa, nikaona ufizi wote, nikaona ulimi unatetemeka, nikaona mpaka kooni. Alipiga kelele hadi mkuu wa kijiji akauliza kutoka njiani nani anachinjwa.

"Nipe basi," Mealea ananiambia, "nipe nimnyonyeshe, Mama, mbona umemshika tu?"

Bibi akageuka pale kwenye ngazi. Tukaangaliana.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni alie kwanza."